Begi Moja Dogo, Chini ya Kiti

Jumanne, 3 Juni

Mwaka wa tatu unakwisha tangu niondoke nyumbani, na leo nimenunua tiketi! Ya bei ya chini kuliko zote. Chini yake hakuna kitu tena, labda kutembea.

Sababu ni Mama. Mtoto wa jicho kamfunika macho yote mawili. Jumatano ijayo anapasuliwa jicho la kulia, Alhamisi asubuhi bandeji inafunguliwa. Dada kapiga simu kusema Mama kamtolea daktari sharti: bandeji haiguswi mpaka kitinda mimba wake asimame mbele ya kitanda. Anataka mtu wa kwanza kumwona niwe mimi. Daktari kacheka. Muuguzi hakucheka. Kasema bandeji ina saa yake, haingoji mtu. Dada anasema kati ya Mama na muuguzi hajui nani atashinda, ila mimi niwahi.

Nitawahi. Nimeapa.

Msimamizi kanipa ruhusa kwa shingo upande. Mimi ni mfunga nondo, na ghorofa ya juu inangoja mikono yangu. Kasema niende, ila nondo hazijifungi zenyewe.

Ubaya mmoja tu. Winchi naye anasafiri kwa ndege hiyo hiyo. Ndiye mwendesha winchi wetu, tunamwita kwa jina la mashine yake. Yeye hukaa juu kwenye kibanda chake, mimi niko chini, na miaka yote hii tunazungumza kwa mikono tu: shusha, simama, kushoto kidogo. Akishuka tunagombana. Tiketi yake ni ya kifalme: sanduku kubwa, kiti cha dirishani, chakula. Jioni kaja chumbani kwetu kuniuliza yangu ina nini. Nikasema ina mabawa.

Kasema, "Wewe hupandi ndege, bwana. Wewe unarushwa."

Alhamisi, 5 Juni

Leo tumesoma masharti. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo nimemwita Wakili. Si wakili hata kidogo, ni mpaka rangi ninayelala naye chumba kimoja. Jina kalipata kwa ubishi.

Masharti ni marefu kuliko safari. Begi moja dogo, liingie chini ya kiti cha mbele yako. Likizidi kipimo unalilipia, na malipo yake yanaizidi tiketi. Kiti utapangiwa. Chakula hakuna, maji ni ya kununua. Kujisajili unajisajili mwenyewe kwa simu kabla hujafika uwanjani; ukiwaachia wao wanakutoza. Tarehe haibadilishwi. Pesa hairudi. Ukichelewa, ndege imekwenda.

Wakili kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kasema hii si tiketi, hii ni ndoa.

Nikamwuliza faida zake basi. Kasoma upya tangu juu. Kaona mbili: unafika, na choo ni bure. Baadaye kaongeza ya tatu, kwamba asiye na sanduku hangoji sanduku. Nikamwambia hiyo si faida, hiyo ni kumsifu mwenye upara kwa kuokoa vitana.

Zawadi ninazo: blanketi zito la Mama, redio yake yenye vitufe vikubwa, viatu vya Dada, taa ya kichwani ya shemeji, na mashati yasiyojulikana ni ya nani lakini yatapata wenyewe. Winchi kasikia. Kasema sandukuni kwake pana nafasi, nimpe angalau blanketi, na koleo langu la waya pia maana uwanjani halitapita. Nikamshukuru, nikakataa. Sitaki kusimangwa hewani.

Akili ninayo mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Akili hii hapa! Nimejenga kipimo.

Shirika limeandika urefu, upana na kimo cha begi. Mimi kazi yangu ni nini? Nimeokota vipande vya nondo nyembamba nyuma ya karakana, nikakata, nikafunga kwa waya, likatokea tundu zuri la mraba, sawasawa na lile litakaloningoja uwanjani. Begi nikalijaza mpaka zipu ikalia, nikalidumbukiza. Likaingia kama mguu kwenye kiatu cha kuazima: limebana, lakini limeingia!

Habari zimeenea. Mchana kutwa watu wamekuja kupima mabegi yao, hata wasiosafiri. Mpishi kaja kupima sufuria. Wakili kauliza kama nina hakika na vipimo. Nikamwuliza kama nimewahi kumwuliza iwapo ana hakika na rangi nyeupe.

Winchi kapita, kaliangalia tundu, kauliza kuku ameshtakiwa kwa kosa gani.

Wivu huo.

Jumapili, 8 Juni

Begi limejaa na blanketi bado liko nje, redio iko nje, viatu viko nje. Sipati shida. Masharti yanasema begi moja. Hayasemi nguo ngapi.

Nimeazima koti la mlinzi wa getini, lile linalomfika kwenye visigino. Ndani nimeshona mifuko kwa magunia ya saruji, nimeyakung'uta lakini bado yanatoa vumbi. Kiatu cha Dada kushoto, mwenzake kulia, mizani. Redio kwapani. Taa ya shemeji mgongoni. Mashati nimeyavaa yote, na blanketi nimelizungusha tumboni, nikakaza kwa mkanda.

Tumefanya mazoezi. Kutembea naweza. Kuinua mikono siwezi. Kukaa, nilikaa mara moja, kitanda kikalalamika, kusimama ikawa kazi. Nikajaribu kujisukuma, nikaanguka chali kama kombamwiko, na redio ikajiwasha yenyewe kwapani ikaanza kusoma hali ya hewa. Wakili kaniacha hapo sakafuni mpaka taarifa ikaisha. Kasema alikuwa anataka kujua kama mvua itanyesha.

Dada kapiga simu jioni. Kasema Mama ameshalazwa, na kaanza kuwaambia wagonjwa wenzake kwamba mwanawe anakuja kwa ndege. Kila anayeingia wodini anaulizwa kama ndiye mimi.

Sikucheka sana.

Jumanne, 10 Juni

Kujisajili. Simu yangu ilizimika katikati, tukaanza upya na ya Wakili. Nimepangiwa kiti cha katikati, mstari wa mwisho, kimepakana na choo. Winchi kaniletea simu yake nione dirisha lake. Wakili kanitetea, kasema mstari wa mwisho ndio wenye heshima, maana abiria wote lazima waje kwako.

Koleo nitalibeba. Nimelibeba kila siku mfukoni, hata kanisani. Watalielewa.

Jumatano, 11 Juni

Nayaandika haya ndani ya basi, herufi zinaruka. Nitasema yote kwa mpangilio.

Hawakulielewa koleo. Kwenye mlango unaolia nililia kama gari la zimamoto. Mama mmoja mwenye sare kanivua kipande baada ya kipande, nikajaza beseni baada ya beseni. Foleni nyuma yangu ikaanza kutoa maoni. Redio ikajiwasha ndani ya ile mashine yao, wakasimamisha mkanda, wakaitana. Yule mama kaniuliza kwa upole kama nahama nchi au nafungua duka. Nikamwambia namwendea mama yangu hospitali. Kanisaidia kuvaa upya, kanifunga mkanda wa blanketi kwa mkono wake. Lakini koleo kalitupa kwenye ndoo, pamoja na mikasi ya watu. Koleo langu! Halikuwahi hata kumfinya mtu.

Nikafika kwenye mlango wa kupandia, nimelowa jasho. Dada mmoja wa shirika kasema, "Kaka, weka begi kwenye kipimo."

Nikatabasamu. Nikaliweka. Halikuingia.

Nikaligeuza. Nikalisihi. Halikuingia! Limezidi kama vidole viwili. Hapo ndipo nikatazama vidole vyangu viwili na moyo ukashuka mpaka kwenye viatu vya Dada. Sisi wafunga nondo tukikata kipande tunaongeza vidole viwili, kwa ajili ya kukunja kona. Mkono umeshazoea, hauulizi. Nami lile tundu sikukunja kona hata moja, nilifunga kwa waya tu. Nilimjengea kuku nyumba ya bata.

Yule dada kasema nilipe au niliache begi. Kulipa sina. Kuliacha, ndani mna vyeti vya Mama vya hospitali ya kwanza nilivyokaa navyo miaka yote, na dawa nilizomnunulia. Kasema mlango unafungwa muda si mrefu. Nikamwona Mama kitandani, bandeji machoni, anamwuliza kila anayeingia.

Nikageuka, Winchi yuko nyuma yangu, mikono mitupu kama mfalme. Nikangoja masimango. Kalishika begi kwa mpini, kalining'iniza juu ya kipimo, kisha kaniangalia kama anavyoniangalia kutoka juu kibandani.

Basi mikono yangu ikaanza yenyewe, kadiri koti lilivyoruhusu. Shusha. Simama. Kushoto kidogo. Pindua. Nyuma iinuke, mbele itangulie. Shusha polepole. Polepole! Kona moja ikapita, ya pili ikafuata mshazari, begi likazama mpaka chini. Watu wakapiga makofi.

Yule dada kaliangalia. Sharti linasema liingie, nalo limeingia. Kasema haya, litoe upite.

Halikutoka.

Tulivuta. Abiria mmoja mnene akavuta. Kipimo kizima kikanyanyuka na begi ndani yake, tukakitikisa kama watu wanaomwaga mchanga. Likatoka kwa kishindo na mpini umebaki mkononi mwa Winchi. Tukapita!

Ndani ya ndege mkanda wa kiti haukunitosha, wakaniletea wa nyongeza, bure. Hiyo Wakili hakuisoma. Winchi alipoletewa chakula aligeuka kutoka kule mbele akanionyesha mkate. Kisha mkate ukaja, mkono kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka kwangu. Ulikuwa umeshaumwa kidogo. Nimeula.

Tumetua jioni. Basi la mwisho la kwetu lilikuwa linaondoka. Winchi kasimama kwenye ule mkanda unaozunguka, anangoja sanduku. Nikasimama naye, mtu aliyenipitisha siwezi kumwacha. Kaniuliza kama nina wazimu, kasema mama yangu hayumo sandukuni. Nikaondoka. Nilipofika mlangoni nikageuka, kainua mkono juu, kidole kinazunguka. Ishara yetu ya kupandisha mzigo.

Nikakimbia na blanketi tumboni. Kondakta aliniona, akadhani ni watu wawili, akasimamisha basi.

Niko ndani. Namshukuru Mungu, niko ndani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewahi!

Dada alinipokea stendi, tukaenda moja kwa moja wodini. Muuguzi ameshashika mkasi. Mama amekaa wima, mikono kifuani, anagoma. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Kasema marahaba kwa sauti ndogo sana, kisha kamwambia muuguzi unangoja nini sasa, fungua.

Bandeji ikatoka. Mama kapepesa jicho. Kanitazama juu, kanitazama chini, kanitazama upande mmoja hadi mwingine, na huo ulikuwa mwendo mrefu.

Kasema, "Huyu nani?"

Dada kasema ni mwanao, Mama. Mama kasema wake ni mwembamba, amelala njaa huko ugenini, huyu ni mtu mzima mwenye tumbo, na kama ndiye aliyesema shikamoo basi ameiba sauti. Kamwuliza daktari kama jicho alilomwekea ni zima.

Haraka ya kuwahi! Nilikuwa sijavua kitu hata kimoja.

Nikavua koti, nikalisukuma chini ya kitanda. Mama kasema endelea. Nikavua shati, na shati, na shati. Nikafungua mkanda, blanketi likaanguka. Nikawa napungua mbele ya macho ya wodi nzima, na jicho la Mama linazidi kufunguka. Nilipobaki na fulana yenye tundu begani, kainua mkono, kaligusa lile tundu.

Kasema, "Ndiye. Huyu ndiye wangu. Nani anakufulia, baba?"

Muuguzi akamkataza kulia, jicho bado bichi. Mama kasema halii, ni jicho linajaribu. Mimi sikukatazwa na mtu. Redio ikajiwasha chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeizima.

Jumapili, 15 Juni

Mama anaona kila kitu. Kaona vumbi juu ya kabati, kaona mvi za Dada, kaona kwamba shemeji ana upara. Hatupumziki.

Winchi kapiga simu. Sanduku lake limefika leo. Lilikwenda nchi nyingine, likatembea, likarudi. Siku zote hizo kavaa shati lile lile. Nikampa pole, nikamweleza kwa upole kwamba ndiyo hasara ya kununua tiketi ya gharama. Kakata simu. Mtu haambiliki.

Koleo sijalisahau. Kule uwanjani niliwaza mambo ya vidole viwili, lakini nimekaa nimetafakari, nondo zangu zilikuwa sahihi. Kipimo chao ndicho kimepungua. Kimetumika sana.

Kesho narudi kazini. Mama kanifungia maharage mengi, nimeyagawa kwenye mifuko ya koti la mlinzi, yanatembea ninapotembea.

Daktari kasema jicho la kushoto litafuata, mwakani, siku hajapanga. Mama kashatoa sharti lile lile. Safari hii nimejipanga mapema! Shemeji kanionyesha tiketi mpya, ya chini kuliko ile ya chini. Begi hakuna kabisa, unapanda na mikono yako. Tarehe haibadilishwi, pesa hairudi. Nimeshainunua. Wakili kasema kwa simu nisome masharti kwanza. Nikamwambia masharti ni yale yale. Na suruali nazo zina nafasi ya mifuko, hilo hakuna aliyeliwaza.

Msimamizi sijamwambia. Daktari nimemwachia ujumbe kwa muuguzi, apange upasuaji wake kufuata tiketi yangu.

Mama, usifunguliwe na mtu. Nitegemee Ijumaa, 16 Januari.