Bakteria wa Mtaalamu

Mtaalamu, cheo alichojipa mwenyewe bila chuo chochote kuhusika, aliona vitu viwili kwenye yadi ya mjane mmoja: mlima wa chupa za plastiki uliopita paa, na pikipiki nyekundu. Mate yakamjaa. Alikuwa amechoka kukimbia watu kwa miguu.

Kesho yake akaja na koti jeupe na chupa ya maji ya mchele yaliyochacha.

"Shikamoo mama. Humu mna bakteria wanaokula plastiki."

"Marahaba. Wanakula kweli?"

Wapo kweli, wasomi wamewaona. Ila hula polepole mno, na hawauzwi mlangoni. Mtaalamu hakutaka kumchosha mama kwa habari hizo. Alidondosha ganda la kidonge, lililofanana na plastiki, ndani ya chupa, akatikisa, likayeyuka.

"Makubwa," mama akasema. "Wakiumaliza mlima wangu, pikipiki ni yako. Ngoja nifungue nichungulie."

"Usiguse. Mkono usio wa mtaalamu unawaua."

"Basi utawalisha wewe, mwanangu. Wanakulaje?"

Hapo ulimi ukamponza. Akitafuta mwanya wa kutoroka na pikipiki, alisema bakteria hao wanadeka: plastiki ioshwe, itolewe vifuniko, itengwe kwa rangi, ikatwekatwe. Mama akamletea beseni na kisu, kisha akaketi juu ya pikipiki, akishona.

Mtaalamu akaosha, akakata, akatenga, mpaka vidole vikakunjamana. Kila gunia lilipojaa, mama alilivuta hadi bandani ilikokaa chupa, akafunga mlango. Banda lile lilikuwa na mlango wa pili, wa barabarani, na hapo lori la kiwanda lilikuwa likisubiri. Kiwanda hulipa vizuri plastiki safi iliyotengwa kwa rangi.

"Wamekula?" Mtaalamu akauliza.

"Wamekula, na wamebeua."

Akacheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alichungulia bandani, akaona chupa peke yake, gunia hakuna. Kumbe maji yale ya mchele yanakula kweli!

Mlima ulipokwisha, mama akatoa ufunguo. "Ahadi ni deni. Chukua pikipiki, chupa niachie."

"Chupa ni yangu, mama."

"Basi chagua kimoja."

Mtaalamu alipiga hesabu ya majalala yote ya mji, akamhurumia mama kwa ujinga wake. Akaikumbatia chupa, akatoka kwa miguu, mwepesi kama bwana harusi.

Alipofika kona, mama akampita na pikipiki nyekundu, akampigia honi kwa heshima.