Kochi la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Kochi la mama mkwe limetimiza wiki ya tatu karakanani kwangu, uchi, bila kitambaa. Ana wageni Jumapili. Mke wangu kasema nisipolimaliza Jumamosi, anampa seremala wa jirani. Seremala! Yule anayepigilia misumari hata kwenye mto! Nikishindwa, nitasikia sifa zake kila nikienda ukweni mpaka nizeeke.

Mke wangu ni nesi. Kazini kwao wamepewa semina ya kutuliza akili. Kasema uvivu ukinijia nisipigane nao wala nisiufuate. Nikae, nivute pumzi, niutazame tu. Utapita wenyewe.

Nimekaa. Kwenye kochi, maana ndilo lililokuwa karibu. Nimevuta pumzi. Uvivu umepita kweli. Masaa matatu nayo yamepita. Nimeamka na alama ya springi shavuni.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya! Nimetega simu ilie kengele kila nusu saa, toka saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, inikumbushe kuvuta pumzi na kushika sindano. Akili ninazo, jamani.

Tatizo, ukiishika simu kuzima kengele, drafti iko pale pale. Nikasema mchezo mmoja tu. Kuna mtu anajiita Bingwa wa Kete. Kanifunga mara sita. Nikaitazama hasira yangu, kama nilivyoelekezwa. Haikupita. Nikacheza wa saba.

Seremala kachungulia dirishani, kauliza kwa upole kochi linaendeleaje. Mnafiki mkubwa. Anatabasamu nini?

Jumamosi, 8 Machi
Alhamisi na Ijumaa tusiziseme.

Leo nimepata dawa: simu niisikie, nisiifikie. Nimeitumbukiza ndani kabisa ya kochi, chini ya sponji. Kengele ikilia navuta pumzi, nashona. Mkono haufiki! Saa kumi na moja jioni nimekata uzi wa mwisho. Mke wangu kalizunguka kochi mara mbili akitafuta kasoro, hakuiona. Kesho asubuhi mkokoteni unalichukua. Leo najiona mtu.

Simu siioni. Namshuku seremala.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Wageni saba, mama mkwe katikati ya kochi, anawasimulia mkwe wake alivyobadilika. Kengele ikalia chini yake. Karuka! Kasema humo ndani mna kitu kinaishi. Wageni wote wakainama kutazama. Mimi nikavuta pumzi ndefu, mazoea tu. Mke wangu kaniona, akajua kila kitu.

Mkasi ukaletwa. Kochi likapasuliwa mbele za watu. Simu ikatoka na ujumbe wa Bingwa wa Kete: jirani, mbona umekimbia, nimemaliza kuranda mbao, njoo nikufunge tena. Kumbe seremala!

Kaitwa yeye alifunge kwa misumari yake. Limependeza, bahati mbaya. Mama mkwe hakufoka. Kaniambia tu pole, mwanangu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetulia, nimetafakari. Kosa nimeliona: ni simu. Leo nimeanza kochi la mwalimu mkuu, na ndani yake nimeweka saa ya mezani ya mke wangu, ile ya kengele. Saa haina drafti! Upande mmoja nimeshaushona. Sasa najilaza juu yake kidogo, nipime kama mlio unasikika. Simu ninayo mkononi. Nampa seremala mchezo mmoja tu, nimfunge, akili itulie.