Taa Mbili za Stereo ya Mzee Piusi

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Bahati yangu ni ya mtende. Karatu imejaa mafundi kama vitunguu, na leo ni sikukuu, lakini Selestina ameshukia kwangu. Kwangu mimi, Vedasto. Amewaacha wote. Huyu ni muuguzi wa Loliondo, yule niliyekaa nyuma yake darasani mpaka la saba. Somo nililolishika vizuri ni kisogo chake.

Kaleta stereo ya marehemu baba yake, Mzee Piusi, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Sauti ipo. Zilizokufa ni balbu mbili nyuma ya kioo chenye namba za stesheni.

Likizo yake inaisha Jumamosi. Anataka kuhamia Loliondo na mama yake, Bibi Germana, ambaye macho yake yamebaki kuona mwanga tu. Bibi kagoma. Haondoki kijijini Daa mpaka stereo iwake kama alivyoiacha mzee, na waondoke nayo. Isipowaka, Selestina ataacha kazi abaki kumtunza.

Nimemwambia balbu za namna ile zimekwisha duniani, nitaweka taa za LED, hazifi leo wala kesho. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia wazungu wa lodge vitu vyao huleta kwangu. (Mzungu mmoja. Chaja.)

Jumanne, 8 Julai

LED nimepata duka la vipuri vya pikipiki. Nimelehemu, giza. Kumbe zina chanya na hasi, balbu haikuwa na maringo hayo. Nikageuza. Zikawaka, lakini zinapepesa kama jicho la mwongo, kwa sababu umeme wa pale ndani unakwenda na kurudi. Nilisahau. Sawa, sikujua. Nikaweka daiodi na kapasita, zikatulia.

Isaya, fundi wa duka la pili kutoka langu, mwenye cheti ukutani, alipita wakati zinapepesa. Akauliza disko la kuku linaanza saa ngapi. Nikamjibu kwamba cheti hakiwaki.

Alasiri nikapeleka Daa. Weupe mtupu. Selestina akasema panafanana na chumba cha sindano. Bibi Germana akauliza nani kaacha friji wazi, na hii nyumba tangu lini ina friji.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo nikiwa nakula. Mwanga wa mzee ulikuwa wa asali. Nimekaa mbele ya sahani, pembeni ganda la kitunguu cha Mang'ola, jua linapita ndani yake. Asali kabisa. Balbu ya waya, kama zile za mzee, ingeliunguza. LED haina moto, huo ndio uzuri wake.

Ganda moja, rangi ya chai ya maziwa. Matatu, chai ya rangi. Mawili, asali ya Buger. Isaya kanusa mlangoni, akauliza natengeneza redio au kachumbari. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 10 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Nimefika Daa, nimewasha. Selestina akasema ndiyo yenyewe, kabisa. Akaniwekea mkono begani. La kushoto. Halitaoshwa.

Akamwongoza mama yake mpaka kwenye kioo. Bibi Germana akaweka viganja vyote viwili juu yake. Kumbe ndivyo walivyofanya miaka yote, baridi ya Julai ikibana: mikono yake kwenye kioo, ya mzee juu ya mikono yake, wanasikiliza taarifa ya habari. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akaniambia taratibu, mwanangu umehangaika, Mungu akulipe, lakini humu hamna mtu. Pamepoa.

Nikamweleza kitaalamu kwamba joto ni hasara, mama. Akasema basi mzee wake alikuwa hasara.

Selestina akanisindikiza hadi barabarani. Akasema barua ya kuacha kazi ataiandika kesho jioni. Alikuwa anatazama upande wa milima.

Ijumaa, 11 Julai

Sijafungua duka. Ni siku ya furaha. Selestina anabaki. Kutoka kwangu hadi Daa ni nauli ya bodaboda tu, maisha yote. Sihitaji kufanya lolote. Ni mpango wangu wa kwanza kufanikiwa, na umefanikiwa kwa kushindwa.

Nimefurahi mpaka saa sita, nikachoka.

Nikawasha stereo yangu mwenyewe. Ni ndugu wa ile ya Mzee Piusi, niliinunua mnadani kutoka shamba la kahawa. Balbu zake mbili za waya bado nzima, ndogo kama punje za mahindi. Kila jioni hukaa nayo, mimi na kikombe changu na kiti cha pili ambacho hakina mtu. Sijawahi kukigusa kioo chake. Leo nikaweka viganja.

Vuguvugu. Kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Nikachukua bisibisi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Selestina ni LED mpya za Dubai, zimeshuka na basi la asubuhi, zina joto. Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayeapa kameza vidonge vyote.

Bibi Germana akaweka viganja. Akakaa hivyo mpaka maji ya chai yakachemka. Kisha akaomba shuka lake na kuuliza gari liko wapi.

Nimetoa waranti: zikizima kabla ya miaka kumi, fundi atakwenda Loliondo mwenyewe, bure. Selestina akasema asante sana, kaka Vedasto.

Kaka. Sawa.

Gari likapanda kuelekea geti la Ngorongoro. Nilipunga mkono mpaka vumbi likalala.

Jumapili, 20 Julai

Stereo yangu naiwasha kwa kupapasa. Nimepiga hesabu: balbu ya waya, kuwaka kwa muda wa saa tatu kila jioni, na barabara ya Loliondo ilivyo mbaya. Hazimalizi mwaka. Suti nimeshampelekea fundi cherehani.

Wakati huohuo, biashara. LED za Asali, ganda la Mang'ola, na safari hii zina joto: nimeweka kipande cha waya wa pasi ndani. Jaribio la kwanza limeunguza maganda yote na nusu ya pazia. Duka linanukia pilau. Kesho naongeza waya.

Isaya kaja mbio na ndoo ya maji. Moto ulipozimika akauliza, hivi yule dada wa Sabasaba alipata fundi? Maana majirani wanasema aligonga sana mlango wa duka lake Isaya.

Aligonga. Selestina hakunichagua. Aliniuliza Isaya anafungua lini, nikamwambia Isaya amehamia Arusha.