Kambare Wasiopungua wa Ziwa Nakivale

Jumatatu, 3 Machi 2014

Nimemkabidhi Daktari Ainembabazi wa Mbarara hesabu zangu za ziwa: wiki thelathini za kambare, vyura na mnandi, yule ndege mpiga mbizi. Kompyuta yake inajifunza kwa idadi tu. Ikiona kambare wamepanda na vyura wameshuka, inatambua nani anamla nani. Ajabu! Mwenye hesabu bora atahamia Mbarara kuwa msaidizi wake. Mpinzani ni jirani yangu Ulrich, anayehesabu akiwa amelowa hadi kiunoni. Mjinga! Mimi nahesabia nyumbani.

Mke wangu Sidonie amenipigia kelele: "Samaki iko mu maji, Appolinaire, haiko mu kitanda!" Hajui sayansi.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amekuja kwa pikipiki. Kompyuta imejibu: katika Ziwa Nakivale hakuna anayemla mwenzake. Wote wanaongezeka kwa amani. Nikasubiri pongezi. Akauliza kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi alikolelewa: "Bwana, samaki ya kwako hapana kufa?"

Jasho! Kumbe niliandika kama tunavyoandikisha watu siku ya kadi ya chakula hapa kambi ya wakimbizi: anayezaliwa anaongezwa palepale, aliyeondoka anabaki. Nani hapa amewahi kupunguza idadi kwa hiari? Nimepewa wiki moja nilete hesabu za kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa ni kupunguza! Nimeanza na kambare mia, nikatoa wanne kila wiki, wiki zote thelathini. Nimemaliza hata chai haijapoa. Ulrich amepita akipiga chafya. Maskini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika Mbarara, na koti. Daktari amenionyesha wiki ya mwisho: kambare hasi ishirini. Ameuliza samaki walio chini ya sifuri wanakula nini. Nikajibu matope.

Kazi kapewa Ulrich. Imeniuma sana, nakiri. Nilishachagua hadi chumba, kule Kakiika, mtaa wa Mbarara, chenye dirisha la Sidonie.

Jumatatu, 17 Machi

Ulrich kahamia Mbarara. Daktari, kwa kukosa mtu wa kuhesabu hapa, amenipa nafasi ya mwisho: nihesabu hadi Desemba, ila niende ziwani mwenyewe kila Jumatatu. Nimeapa kwa Biblia.

Leo mvua. Nimebaki ndani na kujaza wiki zote hadi Krismasi. Safari hii nimekuwa makini, hakuna hasi: kila mnyama anashuka taratibu mpaka anabaki mmoja. Sidonie ameuliza, ikiwa hakuna anayezaliwa, huyo mmoja alizaliwa na nani.

Maswali mengine tuiachie kompyuta.