Vidole Vinne vya Ngozi

Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu kaondoka na basi la asubuhi kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Wosia aliouacha mlangoni ni mmoja tu: nisibuni kitu. Nile, nilale, nifremu picha za watu, nimtembeze Sindano, basi. Nimeumia sana. Mtu mzima naagwa kama mtoto aliyeonekana na kiberiti!

Sindano ni mbwa. Mbwa wa mbio, wale warefu, mbavu nje, kichwa chembamba utadhani kimechongwa kwa randa. Alikuwa wa marehemu baba mkwe, na katika mirathi yote mke wangu hakuomba kingine. Shemeji, kaka yake, naye alimtaka. Mpaka leo huniambia kwamba siku nikimpoteza huyo mbwa, hata kidogo tu, anakuja na gari kumchukua. Husema huku anacheka. Lakini gari analo.

Jioni nimemtazama Sindano vizuri. Mbwa mzuri, ila shingoni, jamani! Kavaa mkanda wa ngozi mpana vidole vinne, umechakaa, umeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Kama mtu aliyevunjika shingo akafungwa hospitali. Mimi ni fundi wa fremu, na jambo moja nalijua kuliko wote mtaani: sura nyembamba hutaka fremu nyembamba. Mke wangu akirudi atakuta mbwa mpya. Huku si kubuni. Ni kurekebisha.

Jumanne, 7 Mei

Mkanda mpya tayari! Ngozi nyeusi, upana wa kidole kimoja, bizimu ya shaba inang'aa. Nimeukata kutoka kwenye mkanda wangu wa suruali, ule wa harusi. Kupenda ni kujinyima. Suruali naishikilia kwa mkono kwa sasa.

Ule wa zamani sikuutupa, mimi si mharibifu. Sandali zangu za kazini zilikatika kanda wiki iliyopita. Nimekata vipande viwili, nikapiga misumari midogo ya fremu, safi kabisa. Natembea kama bwana mkubwa.

Shemeji kapita alasiri, eti kusalimia. Yeye ni mpima ardhi, hawezi kuingia chumba bila kukipima kwa macho. Akamwona mbwa, akauliza mkanda wa mzee uko wapi. Nikamwambia umestaafu. Akasema mbwa wa aina hii shingo yake ni nene kuliko kichwa: mkanda mwembamba ukiubana utamkaba, ukiulegeza utavuka masikio, na ndiyo maana mzee aliushona mpana vile. Nikamjibu kila mtu na fani yake, yeye akapime mashamba. Akacheka kile kicheko chake. Nimekichukia tangu enzi za uchumba.

Jumatano, 8 Mei

Sindano anakohoa. Nimetazama chini ya mkanda, nikakuta mstari umejichora kooni. Roho imeniuma, siongopi. Mnyama hana neno, ananitazama tu kama mteja aliyechoka kudai picha yake.

Nimelegeza tundu moja. Bado anakohoa. Nimelegeza la pili. Kimya. Tatizo limekwisha. Shemeji na maneno yake!

Alhamisi, 9 Mei

Sitaki kuandika, lakini naandika.

Tulikuwa kona ya duka la vioo. Mfuko wa plastiki ukapeperuka mbele yetu. Sindano hakubweka, hakuvuta. Alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kwa adabu, na mkanda ukavuka masikio kama pete inayotoka kidoleni. Nikabaki na kamba mkononi, mkanda mwishoni mwa kamba, na katikati ya mkanda hewa tupu.

Nilikimbia. Nilikimbia kwa moyo wote! Lakini mtu anayeshikilia suruali kwa mkono mmoja hamfukuzi mbwa wa mbio. Nilipofika mwisho wa mtaa, yeye alishasahauliwa hata na vumbi lake. Watoto walipiga makofi. Nadhani yalikuwa ya mbwa.

Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata mtoto azaliwe.

Mke wangu kapiga simu, kauliza Sindano hajambo. Nikasema kalala. Sikusema wapi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimezunguka tangu asubuhi nikimwita. Nimeita kwa sauti ya chini, habari zisimfikie Shemeji. "Sindano! Sindano!" Mama mmoja dirishani akaniuliza, ya kushonea au ya hospitali? Nikasema yoyote. Aibu gani hii.

Nimerudi mikono mitupu. Bakuli lake la maji limejaa. Blanketi lake bado lina manyoya. Nilikaa sakafuni kando yake, na nikamkumbuka baba mkwe siku zake za mwisho. Alikuwa hawezi kusema sana. Alikuwa akikaa kitini, mbwa pembeni, vidole vyake vinne vimechomekwa chini ya ule mkanda, analala hivyo hivyo. Vinne. Mkanda ule ulikuwa na upana wa mkono wake!

Na mke wangu je? Kila jioni akikaa kusikiliza redio, mkono wake huenda hapo hapo. Nimeuona mkono huo miaka miwili. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ilifaa niambiwe, tena kwa kelele.

Nimetazama miguu yangu. Uzi mwekundu kulia, uzi mwekundu kushoto. Nililia kidogo. Ningevua sandali, lakini sakafu ina vipande vya vioo.

Jumamosi, 11 Mei

Kapatikana! Asante Mungu, asante, asante!

Yuko kwa fundi cherehani, nyumba ya nyuma yetu kabisa. Tangu juzi! Kalala kwenye kochi lake miguu juu, kama aliyelipa kodi. Fundi anasema aliingia mwenyewe, akapanda, akalala, naye akaona mgeni mstaarabu kuliko wengi. Alimfunga shingoni mtandio wake aliokuwa ameukunja. Nikaupima bila yeye kuniona. Vidole vinne. Nimemleta nyumbani akivuta kila upande, na haukuvuka masikio. Nilimuuliza fundi alijuaje upana huo. Akashangaa, akasema mtandio wenyewe ndivyo unavyokunjika.

Sasa nina mpango. Kesho nitamwambia mke wangu kwamba mitandio ndiyo mtindo mpya wa mbwa wa mbio. Nitasema nimeona gazetini. Mkanda wa zamani nitasema nimeupeleka kusafishwa. Kisha nitautengeneza upya polepole. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji ndiye aliyempokea kituoni. Kamleta na lile gari.

Mke wangu hata mzigo hakutua. Alipiga magoti, mkono ukaenda moja kwa moja chini ya mtandio, ukapapasa, ukasimama. Akauliza mkanda wa baba uko wapi. Nikaanza habari za gazeti. Nilifika mbali kidogo, nikamtaja hata mwandishi.

Ndipo Sindano, msaliti yule, akaja kwangu, akainamisha pua yake ndefu, akainusa sandali ya kulia. Kisha ya kushoto. Kisha akajilaza na kichwa juu ya miguu yangu. Mke wangu alifuata ile pua kwa macho.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alisema taratibu kwamba wiki nzima nimekuwa nikitembea nimemvaa baba yake miguuni. Nikavua. Nikasema nilitaka kumfurahisha tu. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomchosha.

Shemeji hakucheka. Mara ya kwanza tangu nimjue! Alikwenda akafungua mlango wa nyuma wa gari. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali: mbwa akae kwa kaka yake mpaka awe na mkanda wa kueleweka. Sindano alipanda bila hata kugeuka. Kochi la Shemeji ni kubwa.

Nimelala chumba cha kazi, kati ya fremu. Zote nyembamba.

Jumanne, 14 Mei

Mke wangu haongei nami, anaongea na misumari. Kaing'oa yote kutoka kwenye sandali, mmoja mmoja, kaipanga juu ya kisahani. Kaunganisha vile vipande, kaongeza ngozi mpya katikati, kaweka kitambaa laini kwa ndani. Uzi mwekundu. Utepe wa kupimia uko mezani pale pale, hakuugusa. Kila anapomaliza sehemu analaza vidole vyake vinne juu yake, anatazama, anaendelea.

Nilimletea chai. Akapokea. Nikamwomba radhi, safari hii bila gazeti. Akasema tuone. Kisha akaniambia nikae, nimshikie ngozi isiteleze. Nilishika jioni yote, mkono ukafa ganzi, na sikuachia. Ni jioni nzuri kuliko zote za mwezi huu.

Jumamosi, 18 Mei

Sindano karudi! Mkanda umekaa juu shingoni, nyuma ya masikio, mpana, mzito kidogo pale penye kiungo. Mke wangu kaweka mkono hapo, kafumba macho. Kisha kanishika mkono wangu, kauchomeka pamoja na wake. Nimesamehewa. Nimejuta kiasi cha kumtosha mtu maisha yake yote, na naandika hapa kwa mkono wangu: sitagusa tena kitu cha marehemu bila kuuliza.

Sasa hivi katoka kwenda kumrudishia fundi cherehani mtandio wake. Nimebaki na Sindano. Mvua imenyesha, anatetemeka maskini, ngozi juu ya mifupa. Mbwa huyu anahitaji koti.

Na nyuma ya mlango kuna koti la baba mkwe, la sufu, zito, halivaliwi na mtu. Linaning'inia tu. Mke wangu hulisogelea kila asubuhi akalinusa, nadhani lina vumbi. Mikono ya koti ni mirefu, ukiikata inamtosha Sindano kila mguu. Na safari hii nimejifunza, sifanyi kitu chembamba. Nitakata kwa upana wa kutosha.

Akirudi atakuta tayari. Huku si kubuni. Mkasi umenolewa, naanza na mkono wa kushoto.