Kidonge cha Akili na Mashati ya Shule

Jumatatu, 6 Mei
Bosi ametangaza: Ijumaa atachagua mkuu wa meza ya kukata vitambaa hapa kiwandani. Washindani wawili, mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Kila mmoja akate mzigo wake wa mashati ya shule. Shemeji hukata polepole kama anayemenya yai la moto. Cheo ni changu! Lakini mke wangu ameniomba nisimwaibishe mbele ya nduguze. Imeniuma. Nyumbani kwao Shemeji husifiwa hata akijikuna.

Jumanne, 7 Mei
Fundi pasi anauza vidonge vya akili. Anasema wanafunzi humeza wakati wa mitihani. Nikamwambia siumwi. Akasema ndiyo vizuri, kidonge hakitapoteza muda kutibu. Hoja safi! Nimenunua.

Jumatano, 8 Mei
Nimemeza. Moyo mbio, macho kodo, njaa hakuna. Asubuhi nzima nimenoa mkasi. Kisha nikanoa mikasi ya wenzangu. Halafu nikagundua jambo: sote hukunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Uvivu! Tabaka la chini huteleza. Mimi nimetandaza tabaka moja, karatasi ya kipimo juu, chaki, mkasi. Kila mkono wa shati sawa na mwenzake, hata uzi haukuzidi. Shemeji aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia atazame meza yake.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemaliza wa kwanza! Shemeji hajafika hata nusu. Mke wangu amempigia mama yake simu kumwambia cheo kimeingia nyumbani. Sikumzuia.

Ijumaa, 10 Mei
Washonaji wamekuta mikono yote ni ya kushoto. Yote! Kitambaa kikikunjwa hutoka jozi, wa kushoto na wa kulia. Kisipokunjwa, lazima karatasi igeuzwe. Sikuigeuza hata mara moja. Bosi anasema hajapata kuona mtu akikosea kwa bidii namna hii. Cheo kwa Shemeji. Mimi kwenye kushona vifungo. Nilitaka kulia, nikalia.

Jumapili, 12 Mei
Mama mkwe alikuja na pongezi zangu, akampa mwanawe. Shemeji amenipa pole. Anasema yeye hamezi kitu. Ndiyo maana yuko polepole!

Nimetafakari. Dawa haina kosa. Ilikuwa ya akili, na akili ilichemka barabara. Iliyoniangusha ni mikono. Nimempigia fundi pasi kumweleza. Kumbe vidonge vya mikono vipo! Nimeagiza.