Rafiki wa Wilaya Nzima

Ofisi ya Upendo wa Ujirani ilitangaza, kwa vipaza sauti na kwa mabango mekundu, kwamba kuanzia mwezi ule kila mkazi wa wilaya alikuwa rafiki rasmi wa Mkurugenzi Tung Chao-Hsiung. Hakuna aliyehitaji kuomba. Watoto wachanga walisajiliwa hospitalini kabla ya kupewa majina. Wafungwa nao hawakusahauliwa. "Upendo wa Mkurugenzi," lilisema tangazo, "haungoji maombi wala haukubali kukataliwa."

Wilaya hiyo iko milimani, kaskazini mwa Taiwan, na watu wake wamezoea mvua na matangazo. Walisikiliza, wakaendelea kunywa maziwa yao ya soya.

Shida ilizuka chini ya ofisi hiyohiyo, katika chumba cha kompyuta, kwa mhandisi Ou Pei-Chen.

Pei-Chen alikuwa na kazi aliyoipenda kwa moyo wote. Kompyuta mia mbili, zimepangwa kabatini kama vyombo vya mama mwenye nyumba safi, zilikuwa zikichora mtandao wa wilaya nzima. Kila mtu nukta. Kila anayemjulia hali, uzi. Binti akimpigia mama yake simu, uzi. Jirani akimgongea jirani, uzi. Mwishoni zingeonekana nukta zisizo na uzi hata mmoja: wazee wasio na wa kuwagongea mlango. Tufani ya mwaka uliopita ilimfungia Mzee Yeh ndani, maji yakapanda hadi kitandani, na hakuna aliyejua kwamba yuko peke yake. Alipona, lakini tangu hapo haongei sana. Sasa tufani nyingine ilikuwa baharini ikija, na kazi ya Pei-Chen ilikuwa inakufa kila inapoanzishwa.

Ilikufa kwa namna ileile. Kompyuta ziligawana nukta, zikaanza kupelekeana habari duru kwa duru, kila moja ikiwangoja wenzake kabla ya duru mpya. Duru ya pili tu, kompyuta ya kumi na saba inashiba habari mpaka kooni, inazimika. Zilizobaki zinasimama kuingoja, kama wageni wa harusi wanaomngoja bibi harusi aliyekwisha kutoroka. Kisha kazi nzima inavunjika.

"Imekata moto tena, dada," alisema fundi A-Kuei, akimwekea mezani yai lililochemshwa kwenye chai. Alijua kwamba Pei-Chen akiwa na wasiwasi husahau kula, na hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Ofisi haikukaa kimya. Iliunda Kamati ya Kushughulikia Uzembe wa Mashine, chini ya Katibu Tseng, mtu aliyefunga tai hata siku za mafuriko. Kamati ilishuka chini, ikaitazama kompyuta ya kumi na saba kwa masikitiko, ikaibandika barua ya onyo.

"Imejieleza?" Katibu aliuliza siku ya pili.

"Bado, Katibu."

"Kiburi hicho."

Kisha Kamati ikagundua kwamba juu ya kabati hapakuwa na pakiti ya bisi. Hilo lilikuwa kosa zito. Kisiwa kizima kinajua kwamba mashine hutulia ikiwekewa pakiti ya kijani ya bisi za nazi, isiyofunguliwa, isiyopitwa na tarehe. Agizo likapelekwa kitengo cha manunuzi, nacho, kwa kuheshimu sheria ya mzabuni wa bei ya chini, kikaleta pakiti za manjano.

"Manjano!" A-Kuei alishika kichwa. "Katibu, kijani ndiyo inayotuliza. Manjano ni kuikaribisha balaa ndani na kuipa kiti!"

"Mkataba unasema bisi. Hausemi rangi."

Zikapangwa pakiti za manjano mia mbili. Kazi ikafa mapema kuliko jana, na A-Kuei akatembea siku nzima na uso wa mtu aliyeonya asisikilizwe.

Ndipo Kamati ikaisimamisha kazi kompyuta ya kumi na saba na kuiteua ya tisa ikaimu nafasi yake. Ya tisa ikapokea mzigo wote wa mwenzake, na duru ya pili ikafa vilevile. Katibu Tseng aliandika kwamba uzembe unaambukiza.

Pei-Chen aliwaza tofauti. Mashine imebadilishwa, kifo ni kilekile. Basi ugonjwa uko ndani ya mzigo. Akafungua mzigo, akaupekua nukta kwa nukta. Zote zilikuwa nyepesi: nyuzi tano, nyuzi thelathini, mfanyabiashara mmoja nyuzi mia nane. Halafu akaikuta moja yenye nyuzi za wilaya nzima. Kila duru watu wote waliituma habari kwake yeye mmoja, na kompyuta iliyombeba ilipasuka tumbo.

"Nani huyo?" A-Kuei akainama. Akasoma jina. Akaenda kuufunga mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Tumkate vipande, basi. Kila kompyuta ibebe kipande chake."

"Kazi itamalizika, ndiyo. Lakini jibu litakuwa nini? Kila mzee ana uzi mmoja, wa urafiki rasmi wa Mkurugenzi. Kwa hiyo hakuna mpweke. Kwa hiyo hakuna mlango wa kugongwa."

Nje upepo ulikuwa umeanza kuchezea mabati.

Pei-Chen alipanda ofisini kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, kompyuta zimeshindwa kubeba upendo wako."

Mkurugenzi Tung aliweka kikombe chini. "Zimeshindwa?"

"Ni mwingi mno. Hata mashine bora inazidiwa. Naomba ruhusa tuutenge, tuuhifadhi mahali pake peke yake, usije ukaharibika."

Mkurugenzi alitazama dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayepigwa picha.

"Nilihisi," alisema. "Tengeni. Lakini kwa heshima."

Nyuzi zikakatwa, kwa heshima. Duru ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikwisha, na kwenye ramani zikawaka nukta nyekundu zaidi ya elfu moja. Watu wa kujitolea wakatawanyika milimani na makoti ya mvua, na kufikia jioni ukumbi wa shule ulijaa wazee, mablanketi na harufu ya uji wa viazi vitamu.

Nukta moja ilibaki inawaka. A-Kuei na akina mama wawili wakaifuata, kwa kuwa kanuni ya kumfuata kila mpweke haichagui, nayo ilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi. Ikawafikisha kwenye nyumba kubwa ya serikali.

"Mzee Tung, njoo twende ukumbini, tufani inakaribia," alisema mama mmoja kwa upole.

"Mnajua mimi ni nani? Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Ndiyo, mzee wangu, ndiyo." Mama akamvisha koti la mvua. Mwongozo wa watu wa kujitolea ulieleza wazi: mpweke hukana upweke wake, na akijiita mkubwa, mkubalie. "Tulikuwa na jenerali pia leo. Shika mkono wangu, ngazi zinateleza."

Ukumbini walimpa godoro kati ya mlemavu wa mguu na Bibi Hsieh, mwenye umri wa miaka tisini na moja. Pei-Chen akaja, akamfunika miguu, akamuuliza kwa sauti ya chini ampigie nani simu, kumwambia kwamba yuko salama.

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akafikiri. Akafikiri tena. Mwishowe akaomba simu, akapiga ofisini kwake mwenyewe.

"Tseng, ni mimi, Tung. Niko ukumbini, sina hata—"

"Mzee," ilijibu sauti ya Katibu, safi na yenye tai, "Mkurugenzi ana marafiki wengi mno. Hatuwezi kupokea simu ya kila mmoja."

Simu ikakatwa.

Bibi Hsieh, ambaye masikio yake bado yalikuwa mazima, alimsogezea bakuli.

"Huyo ndiye rafiki yako?"

"Ni... mtu wa ofisini kwangu."

"Basi kula uji, mwanangu. Huyo utamwona siku ya mazishi yako, mstari wa mbele."